JE, WAZEE WETU WALIISHI KULIKO SISI?

*Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Umoja, ukumbi wa shule, Mkuyuni*



Katibu aliponiandikia alisema nizungumze "habari za afya" kwa muda wa nusu saa. Habari za afya ni pana kama ziwa lile pale, na nusu saa ni mtumbwi mdogo. Isitoshe, harufu ya pilau inayotoka jikoni imekwisha nifikia hata mimi niliye mbele, kwa hiyo najua kwamba nina mpinzani. Nimechagua jambo moja tu, na nitalishika hilo hilo.

Jambo lenyewe ni swali linalozuka katika kila msiba ninaohudhuria, na kwa umri wetu huu misiba ndiyo mikutano yetu mikubwa. Mazishi yakisha, watu wakikaa chini ya turubai kungoja chakula, hapana budi mmoja atasema: "Wazee wa zamani waliishi miaka mia na zaidi. Sisi tunakwisha kama kuku wenye kideri." Wengine huitikia. Mmoja atalaumu mafuta ya kupikia, mwingine mbolea ya dukani, mwingine atasema ni sindano tulizochomwa utotoni. Mimi nimefanya kazi ya uganga katika zahanati na vituo vya afya vya Kanda hii ya Ziwa kwa karibu miaka 40, nikianza kama mganga msaidizi, cheo ambacho siku hizi huitwa tabibu. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, hata sasa naona yafaa kuyapima. Nasema hivi: nusu ya maneno hayo si kweli. Nusu ya pili ina ukweli, lakini si ukweli wa mafuta wala wa mbolea.

Tuanze na hiyo miaka mia. Nani aliihesabu? Babu zetu walizaliwa pasipo cheti wala kalenda ukutani. Umri ulishikwa kwa matukio: njaa fulani, mwaka wa nzige, vita vya Wajerumani. Mdogo wangu mimi alizaliwa ziwa lilipofurika, yale mafuriko ya zamani, si haya ya mwaka 2020, kwa hiyo tunajua ni mwishoni mwa 1961 au mwaka 1962. Huyo alikuwa na bahati, maana ziwa lilimwandikia cheti. Lakini guku wangu, yaani babu kwa wasiojua Kisukuma, alikuwa na "miaka mia" nilipoanza shule, na alikuwa bado na "miaka mia" nilipomaliza kidato cha nne. Mzee mwenye mvi alipewa miaka kwa heshima kama anavyopewa kiti.

Kwa upande wetu mambo yaligeuka. Sisi tulipunguziwa. Ili uandikishwe darasa la kwanza ulipitisha mkono juu ya kichwa ukagusa sikio la upande wa pili, na asiyefikia alirudishwa kuchunga ng'ombe. Wengi walianza wakiwa wakubwa, na mwalimu akaandika umri unaolingana na darasa. Cheti changu kinasema nilizaliwa 1955, na marehemu mama yangu alikuwa akicheka kila alipokiona, kwa kuwa yeye alijua ni 1953. Wapo humu ndani waliostaafu wakiwa na miaka 60 kwa Serikali na 64 kwa magoti yao. Sitataja majina, maana naona wameanza kutazamana. Basi babu aliongezewa miaka, mjukuu akapunguziwa, kisha tunakaa chini ya turubai tunalinganisha.

Hilo ni jambo dogo. Kubwa ni hili. Tunapowakumbuka wazee wa zamani tunawakumbuka wale tuliowaona. Waliokufa kabla hatujazaliwa hatukuwaona, na hatuwahesabu. Wanangu, mkirudi nyumbani likizo, kaeni na bibi zenu. Msiwaulize waliishije, kwani watawasimulia mambo mazuri. Waulizeni hivi: "Bibi, ulizaa wangapi, na waliokua ni wangapi?" Ulizeni taratibu, maana swali hilo huuma hata baada ya miaka 60. Bibi yangu mzaa mama alizaa tisa. Waliokua ni watano, mama yangu akiwa mmojawapo. Katika wale wanne mmoja alichukuliwa na surua, wawili na homa iliyokuja na degedege, na wa mwisho hakuishi hata kupewa jina. Bibi mwenyewe alifika uzee mkubwa, akilima. Aliyemwona na jembe begani angesema watu wa zamani walikuwa imara. Huyo ni sawa na mtu aliyekuta mchele umekwisha pepetwa, akasema mpunga wa mwaka ule haukuwa na pumba.

Sasa nisomeni takwimu kidogo, mnivumilie. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1978, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai hapa nchini, 137 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na 231 kabla ya kutimiza miaka mitano. Karibu mtoto mmoja katika kila wanne! Na huo ni mwaka 1978, tukiwa na miaka 17 ya Uhuru, zahanati zimekwisha jengwa vijijini. Siku za bibi yangu hali ilikuwa mbaya kuliko hiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta hesabu hizo zimeshuka hadi 33 na 43.

Kwa sababu ya vifo hivyo vya watoto, wastani wa umri wa kuishi mwaka 1978 ulikuwa miaka 44 tu. Hapo watu wengi hukosea. Haina maana kwamba watu wa wakati huo walikuwa wakifika miaka 44 wanaanguka. Chukua ndugu wawili, mmoja akafa ana mwaka 1, mwingine akafa ana miaka 79. Wastani wao ni miaka 40, na hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na miaka 40. Wastani ulivutwa chini na makaburi madogo. Wazee wa miaka 80 walikuwako, ila walikuwa wachache, nao ndio tunaowasimulia. Siku hizi mtu akitaka kubishana nami humtaja Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyezaliwa mwaka 1925 akafariki Februari 2024 akiwa na miaka 98. Huo ni ushahidi kwamba mtu aweza kufika. Haushuhudii kwamba wenzake waliozaliwa mwaka ule walifika.

Makaburi hayo madogo yalipunguzwa na nini? Wazee wenzangu, sehemu ya kazi hiyo tuliifanya sisi wenyewe. Mwaka 1973 nilikuwa kidato cha nne hapa, na mtakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Majuma kumi na mawili, watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa kwa vikundi wakisikiliza redio, wakisoma kijitabu, wakijadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi. Sisi wavulana tulitolewa na majembe, tukanung'unika sana, maana udongo wa Mkuyuni ni mawe matupu na choo cha futi kumi kilikuwa adhabu ya wiki nzima. Lakini kuhara ni muuaji wa watoto, na muuaji huyo alianza kupigwa kwa jembe kabla ya kupigwa kwa dawa. Mwaka 1975 ukaanza mpango wa taifa wa chanjo. Ndui, ambayo babu zetu walikuwa na alama zake usoni, ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 1980. Surua ikafuata njia ya kupungua. Malaria ilikuwa ngumu zaidi, nayo bado ni ngumu katika Kanda yetu: klorokwini ilichoka, ikaachwa mwaka 2001, dawa mseto zikaja mwishoni mwa 2006, na vyandarua vyenye dawa vikagawiwa. Watoto waliokutwa na vimelea vya malaria nchini walikuwa 18 katika kila 100 mwaka 2007 na 2008, wakawa 8 mwaka 2022.

Nisiache kichocho, kwa kuwa naona wavulana wa hapa bado wanaogelea. Mji wetu ulikuwa na kituo cha utafiti wa ugonjwa huo tangu kabla ya Uhuru, na sisi tuliokuwa kilomita chache kutoka hapo tuliona mkojo wenye damu ni kitu cha kawaida cha mvulana, kama kuota ndevu. Siku hizi vidonge hutolewa mashuleni. Vikija, mezeni.

Mpaka hapo nadhani nimeonyesha kwamba maneno ya chini ya turubai hayana msingi. Mtoto aliyezaliwa baadaye alikuwa na nafasi ya kuishi kuliko baba yake, na baba kuliko babu. Sasa nije kwenye nusu iliyo kweli, na hapa sina mzaha.

Sikilizeni wastani huo wa umri wa kuishi unavyokwenda, sensa kwa sensa. Mwaka 1978, miaka 44. Mwaka 1988, miaka 50. Mwaka 2002, miaka 51. Mwaka 2012, miaka 61. Mmesikia? Katika miaka kumi ya kwanza taifa lilipanda miaka sita. Katika miaka kumi na minne iliyofuata lilipanda mwaka mmoja. Na watoto waliendelea kupona wakati huo wote. Basi kama watoto walikuwa wakipona, na wastani haupandi, nani aliyekuwa akifa?

Ni sisi. Kwenye ukuta wa ofisi ya Mkuu wa Shule ipo picha ya kidato cha nne cha mwaka 1973. Nimeitazama asubuhi hii kabla ya kuingia humu. Safu ya nyuma wamesimama warefu, ambao ndio walikuwa timu ya mpira. Katika safu hiyo tumebaki wawili, mimi na mwenzangu aliyeko Sengerema, ambaye miguu haikumruhusu kuja leo. Wengine hawakufa kwa uzee. Walikufa wakiwa na miaka 30, 35, 40, wengine wakiwa walimu wakuu, mabwana shamba, makarani wa pamba, mabaharia wa meli. Wachache walikufa kwa ajali na kwa malaria. Waliobaki mnajua walikufa kwa nini, ingawa katika mazishi yao ilisemwa ni kifua, au ni mkono wa mtu.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa. Watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa kwa magendo toka Uganda. Mimi nilikuwa kituo cha afya kimoja kando ya maji. Wagonjwa walianza kuja mmoja mmoja, kisha wawili wawili, vijana wa kambi za uvuvi, wafanyabiashara, wake zao. Sangara walikuwa wameanza kuleta fedha, na fedha iliyo mfukoni mwa kijana aliye mbali na kwao haikai. Tulitibu kuhara, tukatibu kikohozi, tukatibu utando mweupe kinywani, na mgonjwa akaendelea kukonda mbele ya macho yetu. Hatukuwa na kitu kingine.

Jambo hili babu zetu hawakulijua kwa namna hii. Walizika watoto wachanga, walizika watu wa njaa na wa ndui. Lakini kuona kizazi kimoja, kile kilichokwisha lelewa, kusomeshwa na kuajiriwa, kinaondoka katikati huku wazee na watoto wakibaki, hilo lilikuwa letu. Babu akawa analea tena akiwa na miaka 70. Kwa hiyo yule anayesema chini ya turubai kwamba wazee waliishi kuliko sisi, ikiwa ni mtu wa rika langu, anasema aliyoyaona kwa macho: baba yake ndiye aliyemzika kaka yake. Simcheki. Namwambia tu kwamba asiyalaumu mafuta ya kupikia.

Mwanza haikukaa kimya, na vijana mnapaswa kujua hili kwa sababu limeandikwa ulimwenguni kote na sijui kama mnafundishwa. Kati ya 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa huu, ulifanyika utafiti ambao waganga wa zahanati, watu wa cheo kama changu, walifundishwa kutibu magonjwa mengine ya zinaa ipasavyo na kupewa dawa zake. Majibu yalitoka mwaka 1995: katika vijiji hivyo maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko vijiji vya jirani. Zahanati na vidonge vya kawaida! Na tangu mwaka 1994, pale Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya Musoma, wahesabu wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Ni kazi isiyo na sifa, kwenda na daftari mlango kwa mlango mwaka baada ya mwaka. Lakini bila daftari la Kisesa tungebaki na maneno ya chini ya turubai. Daftari hilo ndilo lililoonyesha kwamba UKIMWI ulikuwa muuaji wa kwanza wa watu wazima wa kata ile, na ndilo lililoonyesha vifo hivyo vikishuka baada ya dawa za kupunguza makali kuanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Watu wazima wenye maambukizi nchini walikuwa asilimia 7 mwaka 2003 na 2004, na utafiti wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4. Waliokufa mwaka 2003 walikosa dawa kwa miezi tu. Nina rafiki mmoja wa hesabu hiyo, naye yumo katika ile safu ya nyuma.

Haya. Sisi tulionusurika tumefika wapi? Tumefika kwenye presha na sukari.

Madaktari wa Bugando walichapa mwaka 2013 uchunguzi wa vifo vya wagonjwa waliolazwa katika wodi zao. Magonjwa yatokanayo na presha yalikuwa muuaji wa pili baada ya UKIMWI, na kwa waliozidi miaka 50 yalikuwa muuaji wa kwanza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba zaidi ya robo ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya kupanda. Wengi wao hawakuwa na habari, maana presha haiumi. Mtu anatembea nayo miaka kumi, siku ya kumi na moja ya mwezi fulani anaanguka chooni, mdomo umekwenda upande, na familia inaanza kutafuta nani kamtupia.

Ni hapa ndipo babu alituzidi, na nampa haki yake. Alikula ugali wa mtama au wa muhogo, michembe, mlenda, maziwa ya mgando, na furu, wale samaki wadogo wenye miba waliojaa ziwani kabla sangara hajawamaliza. Sisemi alikula vizuri. Alikula alichopata, na kuna miezi hakupata, na watoto wake ndio walioilipa miezi hiyo. Lakini hakuwa na mafuta ya kukaangia kila mlo, wala soda, wala chumvi ya kunyunyiza juu ya chakula kilichokwisha tiwa chumvi. Na alitembea. Mnada ulipokuwa Misungwi alikwenda Misungwi kwa miguu akiswaga ng'ombe, akarudi. Sisi kutoka hapa Mkuyuni hadi Butimba, mwendo ambao ukianza wimbo mrefu hujaumaliza umefika, tunasimamisha bodaboda. Samaki nao wamegeuka: minofu ya sangara ilipoanza kupelekwa Ulaya miaka ya 1990, kwetu yalibaki mapanki, nayo yanakaangwa katika mafuta yaliyochemka tangu asubuhi. Kwa hiyo mwenye kulaumu mafuta ana punje ya haki, ila amekosea wakati. Hayakuwaua wenzetu wa safu ya nyuma, yanatungoja sisi tuliobaki.

Hapa niseme neno juu ya bibi zetu, kwa kuwa wao huishi kuliko babu, na katika Usukuma kuishi sana kumekuwa na hatari isiyo ya maradhi. Ajuza wameuawa katika nchi yetu hii kwa mapanga, kwa sababu tu macho yao ni mekundu na mtoto wa jirani amekufa kwa homa. Nimetibu macho hayo miaka mingi. Ni moshi. Mwanamke aliyepuliza kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha tangu akiwa na miaka minane, akifika 70 macho yake yatakuwaje? Kijana wa shule hii atakayesikia maneno ya aina hiyo kijijini kwao asinyamaze.

Na ninyi wanangu? Makadirio ya sasa yanasema wastani wa umri wa kuishi nchini umevuka miaka 65. Hakuna darasa lililopata kukaa katika ukumbi huu likiwa na nafasi kubwa ya kuuona uzee kama ninyi. Mlipita salama pale walipokwama ndugu za mama yangu. Kinachonitia hofu kwenu si surua. Tangu mwaka 2010 madaktari wa Bugando walikwisha andika kuonya juu ya majeruhi wa pikipiki katika jiji hili, na wengi wa majeruhi hao ni vijana wa kiume. Nimeona nje ya geti hili wanafunzi watatu na dereva kwenye pikipiki moja, bila hata kofia moja ngumu kati yao. Mwalimu wa zamu ananielewa.

Ndugu Mwenyekiti, nimalize na suala la fedha, ambalo huenda lisipendeze. Mweka Hazina ametusomea taarifa nzuri asubuhi. Tumenunua majeneza, tumekodi mabasi ya kwenda Geita na Magu, tumetoa rambirambi kwa wajane. Sipingi hata moja, na mimi mwenyewe nategemea basi hilo siku yangu itakapofika. Lakini katika taarifa yote sikusikia hata shilingi moja iliyotumika kwa mwanachama aliye hai. Umoja wetu umekuwa chama cha mazishi chenye wimbo wa shule.

Napendekeza kwa hiyo mambo mawili, yaingizwe katika ajenda ya mchana. La kwanza, sehemu ya mfuko wa rambirambi itengwe kuwasaidia wanachama wasio na bima ya afya kujiunga. Sheria ya bima ya afya kwa wote imekwisha pitishwa tangu 2023, na najua wapo kati yetu wanaotegemea dirisha la wazee, ambako unapokelewa kwa heshima, ukaandikiwa dawa, ukaambiwa ukainunue dukani. La pili, Umoja uwe na daftari lake, kama la Kisesa. Kila darasa liandike waliofariki: mwaka aliozaliwa, ule wa kweli si wa cheti, mwaka aliofariki, na ugonjwa, kama familia yake imekubali. Katibu ameninong'oneza kwamba watu watasema tunajichimbia makaburi. Makaburi yamekwisha chimbwa, Ndugu Katibu. Sisi tunataka kujua tu yamechimbwa na nini, ili hawa wavulana wakifika umri wetu wasibishane chini ya turubai.

Nimekuja na mashine mbili za kupimia presha, na muuguzi mmoja aliyekubali kutoa Jumamosi yake. Yuko pale chini ya mwembe, meza yenye kitambaa cha bluu. Tafadhali mpimwe kabla ya pilau, si baada. Aliyetoka kutembea akae kwanza dakika tano, asizungumze, miguu chini, mkono juu ya meza. Walimu nao wapimwe. Tutakwenda kwa madarasa, na naomba tuanze na la 1973, kwa kuwa tuko wachache na hatutachelewesha foleni.